Visanduku vya Kitanda cha Kumi na Tisa

Saa nne na dakika tano asubuhi, Bi Saa alipiga goti moja juu ya godoro la kitanda namba kumi na tisa, akapitisha mikono yote miwili chini ya mgongo wa Mama Cherehani, akavuta. Mama hakuja. Iliyokuja ni shuka, tena nusu yake, na mpira uliotandikwa chini ya shuka ukajikunja ukamkaba mgonjwa mbavuni.

"Samahani, mama. Tujaribu tena."

Mama Cherehani hakujibu. Tangu kiharusi kimpige, wiki sita zilizopita, hakuwa na kauli, na upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa. Alichobakiwa nacho ni mkono wa kushoto, ule ulioongoza nguo chini ya sindano kwa miaka arobaini, na macho. Macho hayakupooza hata kidogo. Yalimtazama Bi Saa vile fundi anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha gauni.

Kumgeuza mgonjwa ni kazi ya watu wawili. Kitabuni wameandikwa wawili, na chuoni walifundishwa wawili: mmoja begani, mmoja nyongani, moja, mbili, tatu, twende. Bi Saa alikuwa mmoja. Mwenzake wa mazoezi, binti aliyeitwa Mrefu kwa sababu ambayo kila mtu aliiona, alikuwa nje tangu asubuhi anapaka chokaa mawe ya kando ya njia. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi, na leo ilikuwa Jumatatu.

Safari ya tatu Mama alikuja. Bi Saa alimlaza ubavu, akamwegemeza mto mgongoni, akaunyoosha mpira, akampangusa na kumpaka mafuta matakoni na visiginoni, kisha akatazama mkononi. Saa aliyoivaa ilikuwa ya marehemu baba yake, saa ya kiume, pana, inayomcheza mkononi, na ndiyo iliyompa jina siku ya kwanza chuoni. Dakika kumi na mbili. Akachukua kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akatia alama na sahihi yake ndogo kwenye kisanduku cha saa nne. Kisanduku cha saa mbili, kilichotangulia, alikiacha kitupu, kwa kuwa saa mbili hakumgeuza.

Wodi ilikuwa na vitanda thelathini na viwili. Wasioweza kujigeuza walikuwa kumi na wanne, na kila mmoja alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Bi Saa alishapiga hesabu hiyo kichwani akiwa anamwaga mabeseni: dakika kumi na mbili mara kumi na nne ni dakika mia na sitini na nane. Saa mbili zina dakika mia na ishirini. Hapo hajalisha mtu uji, hajabadilisha shuka ya mtu, na yeye mwenyewe hajaenda haja.

"Dada! Dada wa saa!"

Sauti ilitoka dirishani. Nje ya wavu alisimama binti wa Mama Cherehani, msusi, mkoba wa vitana begani na chupa ya uji mkononi.

"Umemgeuza?"

"Ndiyo kwanza nimemgeuza."

"Na ile ya saa mbili?"

Bi Saa alijifanya anakunja shuka.

"Dada, usinifiche. Mama yangu yule."

"Ya saa mbili sikuwahi. Nilianzia upande wa kule."

"Basi nifungulie ule mlango wa nyuma. Robo saa tu. Nimgeuze, nimlishe, nitoke. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema mtu nyuma ya Bi Saa.

Alikuwa Sista Mkuu, mwenye wodi yake, viatu vya mpira visivyo na sauti, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Hakugomba. Sista Mkuu alikuwa hagombi, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Binti, tangazo la getini umelisoma? Hakuna ndugu kuingia mpaka ukaguzi upite. Hospitali ina wahudumu wake. Mama yako yuko mikononi mwa serikali."

Msusi alimtazama Bi Saa, mikono ya serikali yenyewe, miwili, mmoja umeshika beseni. Kisha akaondoka na chupa yake.

Si kwamba Bi Saa alikuwa mtu wa kufuata sheria tangu kuzaliwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alishauza mitumba, alishapika mashuleni, na kote huko alijifunza kufumba jicho inapobidi. Lakini hii kazi aliipenda. Aliipenda toka siku mwalimu wa vitendo alipowafunulia yule mgonjwa wa bandia, lijitu la mpira walilolibandika jina la Bwana Mpira, akawaambia wamwogeshe bila kumvua nguo zote kwa mara moja. "Hata huyu ana aibu zake," mwalimu alisema. Darasa zima likacheka. Bi Saa hakucheka. Alimwogesha Bwana Mpira akimfunika kiungo baada ya kiungo, na alipomaliza mwalimu akamwambia, wewe utafika mbali.

Na mwalimu huyo huyo ndiye aliyewashika masikio kuhusu kadi. Usitie alama kabla ya tendo. Usitie alama kwa tendo la mwenzako. Hukufanya, acha wazi, ili anayekuja nyuma yako ajue mgonjwa amelalia ubavu gani na kwa muda gani. Bi Saa aliandika maneno hayo kwa wino mwekundu.

Alipofika wodini kwa miezi sita ya mazoezi, alikuta mambo mengine. Alikuta ndugu wa wagonjwa wakiingia kwa mlango wa nyuma toka asubuhi, kila mmoja na ndoo yake, na wao ndio waliogeuza, walioogesha, waliolisha, waliomwaga mabeseni. Tangazo la ukutani lilisema ndugu wanaingia saa kumi jioni kwa saa moja tu. Hakuna aliyelisoma. Alikuta pia kwamba kadi za kugeuza zinajazwa asubuhi zote kwa mkupuo mmoja, siku nzima, mtu amekaa na chai yake. Watu wa zamu ya usiku nao hujaza za usiku jioni wanapoingia. Waliita "kumaliza kadi". Bi Saa alikataa kumaliza kadi. Alisubiri msusi amgeuze mama yake, akasogea akamshikia miguu ili wawe wawili, ndipo akatia alama. Wenzake walimcheka wakamwacha, kwa kuwa visanduku vyake navyo vilikuwa vinajaa. Ndugu walikuwepo.

Wiki hii ndugu hawakuwepo.

Na kulikuwa na jambo la cheti. Kitabu chake cha mazoezi kilikuwa na kurasa arobaini, thelathini na tisa zimeshatiwa sahihi. Wa mwisho, ule wa kusema mwanafunzi huyu anafaa kuajiriwa, ulikuwa wa Sista Mkuu. Bila sahihi hiyo hakuna cheti, na bila cheti hakuna kazi. Bi Saa na bintiye wa miaka sita walikuwa wanalala sebuleni kwa dada yake, wanatandika watu wakishalala na kukunja kabla hawajaamka, na shemeji alishasema, tena kwa upole, kwamba mwisho wa mazoezi ndio mwisho wa sebule. Kila jioni mtoto alimuuliza chumba chao kitakuwa na dirisha au hakitakuwa nalo.

Jumatatu ile Mama Cherehani aligeuzwa mara mbili. Jumanne mara mbili. Bi Saa alikimbia toka kitanda hadi kitanda mpaka nyayo zikawaka moto. Alipomgeuza wa kitanda cha ishirini na sita, wa nne alikuwa amejilowesha. Alipombadilisha wa nne, wa kumi na moja alipaliwa na uji. Muuguzi wa sindano alikuwepo, lakini alikuwa na sindano zake, na akipita alisema "Pole, mwaya," na kweli alimwonea huruma. Jumanne jioni, akimpangusa Mama Cherehani, aliona doa chini ya kiuno, pale mfupa wa mkia unapoanzia. Jekundu. Alilibonyeza kwa kidole kama walivyofundishwa. Halikubadilika rangi, dalili kwamba kidonda kimeanza.

Alikwenda kumwambia Sista Mkuu. Alimkuta juu ya kiti anapima pazia jipya.

"Mgeuze," alisema Sista Mkuu bila kushuka.

"Namhitaji Mrefu, Sista. Au ndugu yake aingie, huyu mmoja tu."

"Mpaka Alhamisi ipite. Mgeuze."

Jumatano saa nane mchana, Bi Saa alipomsogeza Mama, ngozi ilibaki kwenye shuka. Kipande kidogo tu, upana wa kifuniko cha soda, na pale kilipotoka palikuwa pabichi, peupe katikati. Mkono wake wa kushoto ulishika chuma cha kitanda, vidole vikakakamaa, na macho yakamgeukia Bi Saa na kutulia hapo. Bi Saa alimfunika, akaenda ofisini.

Sista Mkuu alikuja akatazama. Alikisafisha kidonda mwenyewe, kwa mkono mwepesi na mzuri, mkono wa mtu aliyekuwa muuguzi hodari zamani, akakifunga. Kisha akazichukua kadi zote kumi na nne toka miguuni pa vitanda.

"Njoo. Funga mlango."

Juu ya meza kulikuwa na vitu viwili: rundo la kadi, na kitabu cha mazoezi cha Bi Saa, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Hii ni nini?"

"Kadi ya kugeuza, Sista. Ya kumi na tisa."

"Najua ni kadi. Haya mapengo ni nini?"

"Ni saa ambazo sikumgeuza."

"Ni mapengo kumi."

"Ndiyo, Sista."

"Na usiku, mapengo mangapi?"

Bi Saa alitazama. Usiku haukuwa na pengo hata moja. Usiku ulijaa alama zilizosimama sawasawa kama askari.

"Kwa hiyo mkaguzi akisoma kadi hii," alisema Sista Mkuu, "anaona mgonjwa aliyetunzwa vizuri usiku, akatupwa mchana. Na mchana ni nani? Sahihi ya nani hii?"

"Yangu. Lakini Sista, hata hao wa usiku—"

"Sikukuuliza wa usiku. Wa usiku kadi zao zimejaa."

"Nilikuwa peke yangu, Sista. Watu kumi na wanne. Hesabu haikubali. Nikiacha wazi, si wataona kwamba hatutoshi?"

Hapo Sista Mkuu alivua miwani, na bila miwani akaonekana mama wa makamo aliyechoka.

"Mwanangu, kaa. Miaka sita mfululizo nimeandika barua kuomba wasaidizi wanne kwa wodi hii. Unajua wananijibu nini? Wananiuliza, kuna kazi yoyote isiyofanyika? Nikisema ipo, basi mimi ndiye nisiyefanya kazi, na nimebakiza miezi minane kustaafu. Nikisema hakuna, basi wasaidizi wa nini? Wewe na mapengo yako hutawaonyesha kwamba hatutoshi. Utawaonyesha wewe. Watakuandika jina lako, watakiweka kidonda mgongoni mwako, na Ijumaa wodi itabaki vilevile, wewe ukiwa hupo."

"Na Mama Cherehani?"

"Kidonda nitakisafisha mwenyewe kila siku. Ukifukuzwa, nani atamgeuza?"

Alifungua droo, akatoa kalamu mbili, akaziweka juu ya kitabu cha mazoezi.

"Hii ya bluu, hii nyeusi. Usijaze zote kwa kalamu moja, zitaonekana. Nyingine jaza umekaa, nyingine umesimama, mkono ubadilike. Moja moja iwe imepinda, kama ya mtu mwenye haraka."

Alitoka, akauacha mlango wazi kidogo.

Bi Saa alikaa akizitazama zile kalamu. Alimfikiria mwalimu wa vitendo, akamfikiria Bwana Mpira na aibu zake. Alimfikiria mtoto akikunja godoro lake dogo alfajiri, kimya, huku akichungulia mlango wa shemeji. Kisha akachukua ile ya bluu. Kisanduku cha kwanza aibu ilimpanda hadi masikioni. Cha pili vilevile. Kufikia kadi ya tatu mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Kufikia ya tisa alikuwa amesimama, anajaza kwa kalamu nyeusi, na alishakuwa na ufundi wake wa kupindisha. Visanduku mia na zaidi vilimchukua dakika ishirini. Wepesi huo ulimtisha kuliko kitu kingine chochote wiki ile.

Alipomaliza, Sista Mkuu aliingia, akazipitia, akavuta kitabu na kutia sahihi.

Alhamisi wakaguzi walifika watatu, na mkubwa wao alikuwa mtu mpole aliyewasalimu wagonjwa mmoja mmoja. Mawe yalikuwa meupe. Mapazia yalikuwa ya kijani. Alichukua kadi ya kitanda hiki na kile, akazifuata kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Msaidizi wa mchana ni nani?"

"Ni huyu," alisema Sista Mkuu.

"Na wenzake?"

"Zamu hizi tatu alikuwa peke yake."

Sista Mkuu alilisema kwa sauti ya mtu anayetega, na Bi Saa alielewa: bibi huyu, kwa njia yake ya kuzunguka, bado alikuwa anaomba watu. Alitaka mkaguzi ashtuke. Mkaguzi alishtuka kweli. Alivuta kadi nyingine, na nyingine.

"Peke yako? Wagonjwa kumi na wanne, kila saa mbili, bila kukosa?"

Bi Saa alitazama kadi mkononi mwa yule bwana, bluu na nyeusi, moja moja zimepinda.

"Ndiyo, mzee."

"Na unaweza?"

Alimtazama Sista Mkuu. Sista Mkuu alikuwa anatazama pazia.

"Naweza."

"Hongera sana, binti," alisema mkaguzi, na akaandika kitu kirefu kwenye makaratasi yake.

Ijumaa mlango wa nyuma ulifunguliwa na ndugu wakarudi na ndoo zao. Msusi aliingia wa kwanza. Bi Saa alikuwa upande wa pili wa wodi aliposikia kelele, na alijua kabla hajageuka.

"Nani kamfanya hivi mama yangu? Nani? Mlinifungia nje mkamwacha aoze!"

Sista Mkuu alimshika mkono, akamwingiza ofisini, akamwita na Bi Saa. Alimpa msusi kadi.

"Unajua kusoma, mwanangu? Soma mwenyewe."

Msusi alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. "Saa mbili. Saa nne. Saa sita." Alifika mwisho wa Jumatatu, akarudi mwanzo. "Vyote vimejazwa."

"Vyote."

"Lakini Jumatatu saa mbili hakugeuzwa." Alimgeukia Bi Saa. "Dada, si uliniambia? Nilikuwa dirishani, ukaniambia ya saa mbili hukuwahi."

Saa mkononi mwa Bi Saa ilisikika. Sista Mkuu aliweka kiwiko mezani, akasubiri. Kuandika kumbe kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilitaka mdomo.

"Nilichanganya, dada," alisema Bi Saa. "Ambaye sikumuwahi ni wa kitanda cha ishirini. Mama nilikuwa nimeshamgeuza."

Msusi alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa ya mama yake, ila haya yalikuwa tayari kuamini.

"Vidonda hivi," Sista Mkuu alisema taratibu, "huwa vinaanzia ndani. Juu havionekani. Vinaanza wiki mbili, tatu kabla. Wiki tatu zilizopita nani alikuwa anamgeuza?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamwekea kitu chini?"

"Kitenge. Nilikuwa namkunjia kitenge chini ya kiuno, asiumie na mpira."

Sista Mkuu alitikisa kichwa polepole, akamwekea mkono begani. Msusi aliirudisha kadi mezani, akainyoosha ukingo uliokunjika, akaanza kulia bila sauti, mkono mdomoni. Bi Saa alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, na saa nne ilikuwa imefika, akaenda kugeuza.

Barua ya ukaguzi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki iliyofuata. Ilikuwa na mistari mingi, lakini watu walisoma mmoja: kutokana na kumbukumbu za wodi, imethibitika kuwa msaidizi mmoja kwa kila wodi anatosha kutoa huduma kwa kiwango kinachotakiwa. Chini yake palikuwa na jina moja la kuajiriwa. Nafasi nyingine zilifutwa.

Mrefu alisimama mbele ya ubao, madoa ya chokaa bado yako kwenye viatu vyake.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alimwambia Bi Saa.

"Mrefu, nisikilize."

"Mimi sina neno. Nilikuwa napaka mawe, sikukuona." Alicheka kidogo, yule Mrefu wa kuchekesha darasa zima. "Ila mwenzangu, siku ukichoka usinitafute. Imethibitika."

Alibeba mfuko wake, akapita katikati ya mawe yake meupe hadi getini. Bi Saa alimtazama mpaka alipopotea. Jioni ile alimwambia mtoto kwamba chumba kipo na kina dirisha, na mtoto aliruka juu ya makochi ya shemeji kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemkaripia.

Siku yake ya kwanza ya ajira, Bi Saa aliingia na sare mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Vitanda vilikuwa thelathini na viwili. Wasiojigeuza sasa walikuwa kumi na watano. Sista Mkuu alikuwa amening'iniza kadi mpya, safi, na zile kalamu mbili alizikuta kwenye mfuko wa sare yake, hakujua zimewekwa saa ngapi.

Alipofika kitanda cha kumi na tisa, saa nne ilikuwa imepita. Msusi alikuwa pale, amekaa pembeni na ndoo yake, hajamgusa mama yake. Kidonda kilikuwa kimekua na harufu yake ilikuwa imekaa kwenye pazia. Mama Cherehani alitazama ukuta.

"Nimekungoja, dada," msusi alisema. "Toka siku ile naogopa kumshika. Nilikuwa namuumiza, kumbe. Wiki zote zile najiona mtoto mwema." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilikutukana pia siku ile, nisamehe. Nifundishe. Nifundishe vile ulivyokuwa unamgeuza wewe."

Bi Saa alifungua mdomo. Yote yalikuwepo pale kwenye ulimi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ya saa mbili, ya saa sita. Nyuma yake wa kumi na moja alianza kukohoa. Mlangoni, viatu vya mpira vilisimama.

"Wewe shika begani," alisema Bi Saa. "Mimi nyonga. Tunahesabu pamoja."

Moja, mbili, tatu, twende. Mama Cherehani alikuja kwa wepesi, kama kitabuni, akalala ubavu wake akiwatazama wote wawili. Ilichukua dakika tatu.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema msusi, na akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisimama, akaitoa kadi miguuni pa kitanda, akaiweka juu ya kiganja chake mwenyewe, akakikaza kiwe meza. "Andika, dada. Wasije wakasema hukumgeuza."

Bi Saa alichomoa kalamu ya bluu. Akajaza kisanduku cha saa nne. Kisha, kwa kuwa walikuwa kumi na watano na yeye mmoja, akajaza cha saa sita, akajaza cha saa nane, akashuka hivyo hivyo hadi jioni. Msusi alimshikia kadi vizuri isitikisike. Mkono wa kushoto wa Mama Cherehani ulinyanyuka toka kwenye shuka, ukapapasa hewani, ukaikamata ile saa ya kiume, na haukuiachia.